Siri ya Wembamba wa Baba

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Njiti,

Salamu kwanza, maneno baadaye, ndivyo Mama alivyotulea. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto, meno yamemaliza kuota au bado anawang'ata? Kile kifua chako cha baridi kimekuacha? Sisi huku tunasema hatujambo kwa kuwa ndivyo salamu inavyojibiwa. Shemeji yako anakwenda kazini na kurudi. Wapwa zako wanarefuka, nguo zao zinabaki palepale. Mimi na cherehani yangu bado tuko kwenye korido, karibu na dirisha, tunashona sare za watoto wa watu.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la kambi yenu. Simu nimepiga hadi nimechoka, kila mara naambiwa hupatikani. Basi naandika, na labda ni afadhali, maana kwenye simu ningelia tu na wewe ungebaki unasema haloo, haloo.

Picha tumeiona. Mdogo wangu, kulikoni? Wewe ambaye tulikuwa tukikutafuta nyuma ya fagio! Umeijaza picha hadi wifi amebakiwa na bega moja. Wapwa zako waliuliza huyo ni nani, nikawaambia ni mjomba wenu, na ndani yake yumo mjomba mwingine. Usinune. Sitaacha kukuita Njiti hata ukifikia upana wa mlango wa ghala.

Umesema daktari wa kambi amekutaka upungue, na kwamba kiti cha winchi yako ya kunyanyulia mizigo ndicho kilichokuponza, unakikalia asubuhi na kushuka jioni. Umeomba nimuulize Baba siri yake, alifanya nini hata akawa mwembamba maisha yake yote, na sisi tulikula vipi na kuishi vipi. Nitakujibu. Ila kaa chini kwanza, habari za Baba si njema.

Nianze na yaliyo ya kweli. Baba alisoma mita za maji hadi alipostaafu, na mji huu aliupima kwa miguu, ua baada ya ua, akiinama kwenye kila kifuniko na kuinuka. Hakuna hata siku moja aliyosema anafanya mazoezi. Alikwenda kazini tu. Wewe nawe ukishuka kwenye hiyo winchi usipande gari la kambi, tembea hadi kwenye chumba chako, na ukifika geuka urudi tena. Watakucheka. Waache wacheke.

Halafu zilikuwepo ngazi zetu. Unaikumbuka sheria: aliyesahau kitu chini anakifuata mwenyewe, na kuitana dirishani ni marufuku. Wewe ulikuwa msahaulifu kuliko sote, ndiyo maana ulikuwa mwembamba kuliko sote.

Mama naye alikuwa na serikali yake jikoni. Sinia moja, kabla giza halijaingia, na mwenye kufakamia alipigwa kijiko vidoleni. Uinuke ukiwa bado unalitamani tonge moja zaidi. Baada ya hapo jikoni kulifungwa, na aliyezungukazunguka akitafuta cha kutafuna aliambiwa mdomo si kinu. Tukalala mapema, kwa hiyo hata njaa ya usiku hatukuijua. Mengine yalikuwa damu tu. Baba Mdogo alikula sinia hilohilo, akapanda ngazi hizohizo, na bado akanenepa hadi tukamwita Tangi.

Hayo yote fuata, ni mazuri, hayajamdhuru mtu. Kilichotudhuru ni majivuno.

Unakumbuka kila shule zilipofungwa Baba alituita mstari mmoja na kutuzungushia mkanda wake kiunoni, mmoja mmoja, kuona nani amebaki mwana wake na nani amekuwa mwana wa Tangi? Tulivuta tumbo hadi tukashindwa kupumua. Baba Mdogo mwenyewe alikuwa anacheka pamoja nasi, na jasho linamtoka. Katika nyumba yetu mwembamba alikuwa mtu mzima wa afya na mnene alikuwa kichekesho. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, tuliinyonya.

Basi Baba alipostaafu, tukadhani sasa atanenepa kama wazee wengine. Hakunenepa. Akapungua. Akachukua msumari na nyundo akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, mbele ya wageni, akisema waoneni vijana wa siku hizi na matumbo yao. Baadaye akatoboa lingine. Tukapiga makofi, Njiti. Mimi nikazipunguza suruali zake kiunoni huku nikimtania kwamba mwisho nitamshonea za mtoto wa darasa la kwanza. Alifurahi sana siku hiyo.

Na maji! Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Jagi lilikaa kando yake, likiisha linajazwa, na choo kikawa hakina nafasi ya watu wengine. Majirani wakauliza siri ya mzee ni nini, Mama akawaambia ni maji. Ghorofa nzima ikaanza kunywa maji. Jirani wa chumba cha kwanza mpaka leo anatembea na chupa. Chai yake nayo aliijaza sukari hadi kijiko kinasimama, akisema sukari ni adui wa wanene, yeye haimjui.

Mwaka juzi Baba Mdogo alikwenda kupima, akaambiwa ana kisukari. Akaogopa sana. Akaacha soda, akaacha chai ya sukari, akawa anazunguka soko kwa miguu kila alfajiri kabla ya kufungua bucha lake. Alipanda kuja kumwomba Baba naye akapime, kwa kuwa ugonjwa huo hupita kwenye ukoo. Baba alimcheka mpaka akakohoa. "Huo ugonjwa wenu wa wanene usiniletee hapa," alimwambia. "Mita ya mtu ni mkanda wake. Yangu isome mwenyewe." Na sisi sote tukacheka. Mama alicheka. Mimi nilicheka.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, msumari wa kiatu ulimchoma chini ya kidole gumba. Akatembea nao kutwa nzima bila kujua. Mama ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Baba akatamba kwamba hakusikia maumivu, eti hiyo ndiyo ngozi ya msoma mita, na Mama akakifunga kidonda kwa kitambaa. Hakikupona. Kikabadilika rangi. Kikaanza kunuka, na mtu mwenyewe bado hasikii kitu. Baba Mdogo alipoambiwa hakuuliza, alimbeba mgongoni akashuka naye ngazi zote hadi chini. Huyo Tangi wetu, kwa pumzi yake ya sasa, hakupumzika hata mara moja.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Aliuliza: mzee ana kiu sana? Mama akajibu ndiyo, anakunywa maji mengi sana, na nakuapia alijibu kwa fahari, kama mtu anayesifia mtoto wake kwa mwalimu. Anakwenda haja ndogo mara kwa mara? Ndiyo. Amepungua mwili? Ndiyo, hata suruali, akaanza Mama, kisha akaniangalia. Hakuimaliza. Nimemwona Mama akilia misibani, lakini uso ule sikuwahi kuuona na naomba nisiuone tena.

Kisukari, Njiti, cha miaka na miaka. Kumbe wembamba haukingi. Kumbe wembamba wote ule tuliokuwa tukiushangilia ulikuwa ugonjwa unamla taratibu mbele ya macho yetu, na sisi tunaushonea suruali.

Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi. Baba akakataa. Mama alimbembeleza. Shemeji yako alimbembeleza, na unajua hao wawili hawapikiki chungu kimoja. Baba Mdogo alipiga magoti kitandani kwake. Akatujibu sote jibu moja: "Nimeingia kila ua wa mji huu kwa miguu miwili. Sitaingia wangu kwa mmoja." Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Baba Mdogo alitoka analia ngazini, anasema sikio la kufa halisikii dawa, na Mama akamkemea kwa kulitaja neno hilo. Weusi ukaanza kupanda kutoka kidoleni kwenda juu. Kila asubuhi nilifunua shuka nikaona umefika wapi, kisha nikaenda kushona.

Ndipo ikaja barua yako.

Sikutaka kumsomea. Mama akasema msomee, asikie sauti ya mwanawe. Nikasoma, na nilipofika kwenye swali lako nikaikunja karatasi, Baba akaniambia endelea. Nikasoma kwamba unataka kuwa kama yeye. Akaomba picha. Aliitazama muda mrefu, akakupitishia kidole tumboni. Nikangoja akutanie. Hakutania. Akasema, "Huyu mtoto ataniiga." Kisha akasema tumwite ndugu yake aje ambebe, amekubali kukatwa, apate kumwonyesha mwanawe kwamba mtu hupimwa na kutibiwa.

Sote tuliomba na kulia tukashindwa, na wewe uliye mbali, kwa swali lako la kitambi, ukaweza. Hiyo ilikuwa Jumatano. Sijui nikueleze vipi furaha ya jioni ile. Mama alipiga pasi shati lake jeupe. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikaanza kuikata suruali moja mguu mmoja ili niishone vizuri kwenye goti, nikawa naimba.

Alhamisi daktari alimfunua akamtazama, akachukua damu, akaondoka, akarudi na mwenzake. Wakaniita nje. Sumu imeingia kwenye damu. Figo zimechoka. Moyo hautahimili hata dawa ya usingizi, akikatwa atafia mezani. Nikamwambia lakini amekubali. Nilikuwa nalirudia hilo tu, amekubali, amekubali, kana kwamba walikuwa hawajanisikia. Yule daktari akanishika mkono akasema laiti angekubali siku ile ya kwanza.

Tumemrudisha nyumbani. Kitanda tumekiweka sebuleni, pale penye hewa. Wamesema ni suala la siku, hawakusema ngapi, nami sikuuliza. Sikufichi kitu na sikupi tumaini ambalo mwenyewe sina. Ukipewa ruhusa, panda chochote kinachokuja huku. Ukikuta tumekwisha mzika, usijilaumu, na usimlaumu dereva wa lori. Maji yalikwisha mwagika kabla hujaishika kalamu.

Ninalokuomba ni moja. Kabla ya kutembea, kabla ya kupunguza chakula, kabla ya yote niliyoandika hapo juu, nenda kapime damu. Mpeleke na mtoto akikua. Na siku utakapopungua bila kufanya lolote, watu wakakusifu, ogopa.

Mama anakusalimu, hali chakula vizuri, naye anaanza kupungua na sijui nimwambieje. Baba Mdogo anakusalimu sana, kila siku anapanda ngazi kuja kumgeuza kaka yake kitandani, mwingine yeyote Baba hamtaki. Wapwa zako wanamsalimu binamu yao. Mpe wifi mkono wangu, umwambie asikupakulie kingi, na asikucheke.

Baba naye anakusalimu. Leo asubuhi nilimwinamia nikamuuliza, lile swali la mwanao nimjibuje, siri yako ilikuwa ipi? Nilidhani amelala. Akafumbua macho akasema: "Mwambie siri haikuwepo. Nilikuwa mgonjwa na nyinyi mkanisifu."

Mungu akulinde huko uliko, mdogo wangu, akupe njia fupi ya kurudi nyumbani.

Wako akupendaye daima,

Dada yako.