Mistari ya Mpakani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama, sote wazima na tumeshiba. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku ni neema tupu: mvua imenyesha kwa adabu, mahindi yamekuja juu, na karakana yangu haikosi mtu wa kuulizia meza au mlango.

Barua yako niliipata, na ile habari ya chumba ulichokipaka rangi kwa ajili ya mama niliisoma mara mbili. Ulisema palizi ikimuumiza mgongo na kumlaza tena kitandani kama mwaka jana, utakuja kumchukua na shamba likodishwe. Sikulaumu. Daktari naye alimwambia waziwazi kwamba kazi ndogondogo anaruhusiwa, ila kuinama na jembe siku nzima, basi. Lakini mama yetu tunamjua. Ukimtoa kwenye lile shamba, hatakuwa mama yule. Kwa hiyo nikaamua tupige dawa ya magugu.

Weee, moto uliwaka! Mama aliniuliza hiyo dawa ina macho gani ya kujua hili ni hindi na lile ni gugu. Nikamweleza kama nilivyoelezwa na mama wa duka la pembejeo, kwamba ipo ya mahindi, inaua majani mengine na kuyaacha mahindi, ila maharage nayo itayafagia. Hapo ndipo aliponinunia kabisa, maana tangu tuzaliwe yeye huchanganya maharage katikati ya mahindi. Nilimbembeleza mpaka nikachoka, hatimaye akakubali kuyapanda mbali na mahindi, nyuma ya nyumba, huku akilalamika kwamba nimezaliwa wa mwisho lakini natawala kama wa kwanza.

Mpiga dawa wetu unamkumbuka, yule rafiki yangu tuliyezoea kumwita Mrefu. Alikuja asubuhi, upepo umetulia, magugu bado machanga. Kavaa buti, glavu na barakoa, akapima dawa kwa kifuniko chenye alama, akabeba bomba mgongoni na kuanza. Mama nilimweka mbali, akasimama mikono kiunoni kama msimamizi wa mtihani. Baada ya siku kadhaa magugu yakageuka manjano, yakanyauka, mahindi yakabaki yamesimama kwa raha zao. Mama alipita mstari kwa mstari akitafuta kosa, na alilipata! Upande wa mpakani, kwa jirani yetu Mama Mapacha, mistari michache ilikuwa na magugu yake yote, mabichi kabisa.

Dada, alivyofurahi! Alisema Mrefu amelipua kazi, akanicheka mimi na dawa yangu, akaenda kuchukua jembe. Mimi nikajifanya nimekasirika, nikamsema Mrefu mbele yake. Tangu siku hiyo hupalilia kidogo asubuhi, jua likianza kuchoma anarudi. Mgongo haujamsumbua, na anakula kuliko mimi.

Sasa nikwambie la moyoni. Mrefu hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia afunge bomba akifika pale. Mwaka jana, nikiwa karakana, nilikuwa nikimsikia mama na Mama Mapacha wakipalilia sambamba, huyu kwake na huyu kwake, wakicheka mpaka wanashika mbavu. Ndoa zote za mtaa huu zimejadiliwa pale. Tangu baba atutoke, sijamsikia mama akicheka hivyo mahali pengine. Na unamjua, si mtu wa kwenda kukaa kwa watu bila kazi mkononi. Niliogopa kumponya mgongo halafu nikamwacha mpweke.

Nilijiona mjanja kweli, mpaka jana. Mrefu alipita karakana akicheka peke yake. Akaniambia mama amemwita pembeni na kumwomba msimu ujao asahau tena palepale, na aongeze mistari miwili. Tena amemwapisha asinieleze, kwa sababu eti mimi nina hasira na mambo ya dawa, nikijua nitaumia moyo. Nilicheka mpaka randa ikanitoka mkononi, kisha, sikufichi, nikafuta machozi.

Basi chumba hicho wape watoto. Mama atakuja kuwatembelea baada ya mavuno, nawe usimcheleweshe kurudi. Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Halafu, dada, akifika huko akaanza kumsema Mrefu kwa uzembe wake, tafadhali sonya pamoja naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba