Koreshi na Sisi Tuliobaki

Jumapili, mwezi wa sita. Baridi.

Upepo wa Dowa umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Nimevaa sweta mbili. Nyumba imenyamaza, na mimi sijazoea nyumba iliyonyamaza, kwa sababu baba yangu hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Baba amerudi Burundi. Alhamisi basi lilikuja kuwachukua waliojiandikisha kurudi kwa hiari, naye akiwa mmoja wao, likawapeleka uwanja wa ndege wa Lilongwe.

Mimi nimebaki hapa Malawi, kambini Dzaleka.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Sasa naiacha ikae.

Hapa kambini wengi walimwita Baba Mwalimu wa Koreshi. Kabla ya vita alifundisha shule ya msingi, na huku, kila Jumapili baada ya ibada, aliongoza darasa la watu wazima kwenye kanisa letu la matofali ya udongo. Warundi, Wanyarwanda na Wakongomani kwenye mabenchi yale yale, wakisikilizana kwa Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Baba aliweza kuanza na Nuhu, aliweza kuanza na Paulo, lakini lazima angefika kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi.

Alimsimulia kama mtu aliyekuwepo. Koreshi alianza na watu wachache wa milimani, akamwangusha mfalme wa Wamedi aliyekuwa bwana wake. Akaenda magharibi mpaka Lidia, kwa mfalme mwenye dhahabu kuliko wote, akatanguliza ngamia mbele ya jeshi. Farasi wa Lidia walipopata harufu ya ngamia wakageuka, wakakimbia. Hapo Baba alikunja pua kama farasi na watu wakacheka, hata waliokwisha kuisikia. Kisha Babeli, mji wa kuta nene. Wanasema aliyapunguza maji ya mto, askari wakapita chini wakati wakubwa wa mji wako kwenye karamu. Na alipoushika mji, alifanya jambo ambalo wafalme hawafanyi. Aliwaambia mateka walioletwa pale kwa nguvu: rudini kwenu mkajenge.

Hapo Baba alivua miwani. "Rudini kwenu," alirudia polepole.

Nimekua na hadithi hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani Koreshi yuko hai, ni mkubwa fulani mwenye ofisi Lilongwe, na siku moja atasaini tuondoke.

Baada ya Pasaka Baba aliniambia amejiandikisha. Huniita Mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. "Mama," akasema, "Koreshi nimemngoja, nimezeeka. Sasa nakwenda mwenyewe. Twende."

Nikamwambia siendi. Nikatoa sababu ya biashara: nanunua kaunjika, hizi nguo za mitumba, soko la Tsoka mjini Lilongwe, nauza huku kambini, na wateja wangu wote wako hapa. Aliniangalia. Hakubishana, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Na mama?" nikamuuliza. Mama yangu mzazi amezikwa hapa.

"Atanisamehe. Yeye atabaki na wewe."

Alhamisi nilimfungia karanga na blanketi. Mlangoni mwa basi alinipa mkono, kama mwalimu anavyompa mwanafunzi siku ya kufunga shule. Kisha akakishika kichwa changu kwa mikono yake yote miwili, akakaa hivyo mpaka dereva alipowasha gari.

Sikuweza kurudi ndani. Nilipanda minibasi nikaenda mjini, Tsoka, nikasimama mbele ya belo iliyofunguliwa nikichambua nguo bila kuziona. Mama Mmalawi ninayenunua kwake akaniuliza, "Bambo ali bwanji?" Baba hajambo? Walifahamiana, Baba alipokuja mjini alikuwa akinibebea mizigo.

Nikamwambia, "Amerudi kwao."

Nilisema kwao. Sikusema kwetu.

Yeye akanipa pole na kunifungia mzigo. Nilipoufungua nyumbani nikakuta nimenunua makoti ya wanaume, karibu yote ya kimo cha Baba.

Ijumaa jioni alipiga simu. Amefika. Alicheka akinihadithia kwamba kijana aliyewaandikisha alimuuliza kama ni Mkongomani, kwa sababu Kirundi chake kimejaa maneno ya Kiswahili. "Nikamwambia mimi ni mtu wa Rutana. Wakacheka wote." Halafu, kwa sauti nyingine, akasema shamba letu lina watu. Wamejenga, wana watoto. Yeye yuko kwa binamu yake. "Ni watu wazuri, wamenipa kitanda," alisema, kama mgeni anavyosifu alikolala.

Leo nilidhani darasa limekufa. Nilikuwa nimejifunika nguo miguuni wakati jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, alipoingia bila hodi.

"Batu banangoja," akasema. "We njo utafundisha leo."

"Mimi si mwalimu, Mama Furaha."

"Tunajua. Kuya tu."

Nikaenda. Nikasimulia Wamedi, nikasimulia ngamia. Pua yangu haikunji vizuri. Wachache walitabasamu kwa huruma. Nilipofika Babeli, kabla sijawafungulia mateka, Mama Furaha akanyanyua mkono.

"Mi niko na swali. Bale alipiga mu njia, bale ba Lidia na bengine, nani aliwaambia barudi kwabo? Si nabo balikimbia?"

Miaka yote hiyo sijawahi kusikia mtu akimuuliza Baba hivyo. Labda waliogopa kumvunja moyo. Mzee mmoja Mnyarwanda akasema taratibu, bila kuinua uso, "Ni yeye yule. Mkono ule ule uliopiga ndio uliofungua."

Nikasema sijui. Nikawaambia ninachokijua: kwamba Koreshi hakutosheka, kwamba inasemekana alikufa mbali, akipigana na watu wa nyika ambao malkia wao alimwambia arudi kwake naye akakataa. Maiti yake ililazwa katika nchi yake ya kwanza, ndani ya nyumba ndogo ya mawe. Nchi zote alizozishika zilikwenda kwa wengine. Lililobaki mdomoni mwa watu kama sisi ni lile neno moja, rudini.

"Na si wote waliorudi," nikasema. Hili sikulipanga. "Wengi walibaki Babeli. Hawakumchukia Mungu wala wazazi wao. Walikuwa wamekulia pale. Ile nchi nyingine walikuwa wanasimuliwa tu."



Tulipokuwa tunapanga mabenchi, Mama Furaha akaniuliza, "Ile umesema, baba yako anaiyua?"

"Hapana. Nilimwambia ni biashara."

"Mwambie. Ni mutu muzima, atabeba."

Nikampigia kabla jua halijazama, nikiwa nimesimama nyuma ya kanisa ambako upepo haufiki. Nikamwambia, "Baba, sikukukataa wewe. Nilikuja huku nikiwa mgongoni kwako. Nchi yetu naijua kwa mdomo wako tu. Niliogopa kufika nisiitambue, na wewe uone kwamba siitambui."

Nikasikia mbuzi upande wa kwake, na mtoto akiitwa kula.

"Mama," akasema hatimaye. "Hata mimi siitambui."

Hatukulia. Akasema atajaribu kuizoea pole pole. Akasema kesho atatembea mpaka mtoni aone kama bado uko. Nikamwambia darasa lilikuja lote. Akauliza, "Na Koreshi?" nikajibu tumemfikisha mpaka mwisho, na akaguna kidogo kwa furaha.

Sasa nimerudi, nimefunga mlango, naandika. Kesho kutakucha na nitaenda Tsoka kama watu wengine. Lakini kuna jambo ambalo Baba hakuwahi kutufundisha, na Jumapili ijayo hakuna wa kuulizwa isipokuwa mimi. Wale waliobaki Babeli, jioni ile ya kwanza, wenzao walipokwisha kutoweka barabarani: walirudi ndani wakaongea na nani?