Amri ya Baba Mbele ya Lori

Jenny, Elikia ameondoka. Binti yangu amepanda lori la jeshi, na baba yangu ameshindwa kumzuia!

Baba, Jenny! Ajida mstaafu wa jeshi, aliyemfundisha mjukuu wake gwaride uani kwetu kama mchezo.

Alikimbia na kandambili hadi uwanjani, walikopangwa askari wapya. Hakumsalimu mtu. Alipaza sauti ile ya kambini: «Demi-tour!»

Safu nzima ikageuka. Safu nzima! Elikia peke yake hakugeuka.

«Nkambo, rudia ku nyumba,» alimwambia babu yake akitazama mbele. «Ni weye ulinifundishaka kufwata kamanda moja tu.»

Baba akampigia saluti.

Lori limekwenda, Jenny, na mkono wake bado hajaushusha. Njoo. Namwita, hanisikii.