Mahojiano na Marehemu

Kilindoni, Mafia

Dada yangu mpenzi Somoe,

Assalamu alaykum, na shikamoo dada. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na lile goti limepoa. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi.

Wajua kazi yangu ni kusahihisha lugha katika tasnifu za wanachuo. Nanyoosha tahajia na sentensi. Utafiti ni wa mwenyewe, hapo sigusi. Basi shemeji yangu Haruni, anayesoma shahada ya pili Dar es Salaam, akaniletea tasnifu yake juu ya wanawake wa mwani wa huko Kanga. Niliipokea kwa moyo mkunjufu, maana ni mdogo wa mume wangu, na naishi nyumbani kwa mama yao.

Katikati nikakuta mahojiano na Bi Kijakazi wa Kanga, ya mwaka jana. Mama yetu, dada, tuliyemzika mwaka juzi! Nilipomuuliza, Haruni alikiri hakufika Kanga hata mara moja. Majina kayaokota katika mazungumzo yangu. Akaniomba nimsitiri. Mume wangu Kombo akasema, “Ukimwaibisha ndugu yangu, fungasha urudi kwenu.” Mama mkwe naye akaichukua simu yangu. Nikanyamaza, nikaendelea na kazi.

Afadhali ningeishia kunyamaza. Maneno aliyomtungia mama yalikuwa makavu, nami mkono ukanitangulia. Nikayageuza hadi yakawa yake hasa: “Mwanangu, maji yakipwa hayamngoji mwenye usingizi.” Mama hakumwambia Haruni hayo, nimeyatia mimi. Nilikuwa nalia huku naandika, kwa jinsi nilivyomkumbuka. Sasa msimamizi wa Haruni huko chuoni kayasoma, kayapenda mno, na Jumatatu anakuja Kanga kumwona bibi huyo.

Barua hii nimeifunga kwa gundi, anakuletea Haruni mwenyewe. Anadhani nakuomba ujifanye mama. Usikubali, dada, hata akikusihi kwa jina langu. Msimamizi akifika, mpeleke kaburini, umweleze yote, na mkono wangu usiufiche. Mimi humu ndani sina pa kusemea.

Nisalimie shemeji Iddi na majirani. Mungu atukutanishe kwa heri, na huenda ikawa karibuni. Nitengee pa kulala.

Ni mimi mdogo wako,
Mize