Sauti Niliyoiponda

Jumanne. Baridi la Juni, ukungu umekaa juu ya mlima Loleza tangu asubuhi, na nguo nilizofua juzi bado zina maji.

Tumpe mwanangu, salamu nyingi kutoka hapa mtaani kwetu Soweto. Naandika humu kwa sababu simu zangu hupokei, na humu najua unapitaga, maana ni wewe uliyenifungulia hii blogu ukasema, mama andika yanayokusumbua badala ya kunipigia mara sita kwa siku. Bibi yako hajambo, goti linamsumbua kwa baridi lakini mdomo ni mzima kabisa. Mdogo wako Lusajo hajambo, yuko na gereji yake, anarudi mweusi kama sufuria. Mama Zuhura jirani hajambo, ameniuliza habari zako mara mbili, nikamjibu njema huku naangalia pembeni. Kuku wako yule wa shingo tupu ametotoa saba.

Mimi tu ndiyo siwezi kusema sijambo.

Nieleze tangu mwanzo, maana wanaosoma humu wengine hawatujui. Marehemu baba yake Tumpe alikuwa na sanduku la kaseti za jazi. Alirekodi redioni, halafu jina la bendi akalifunika kwa plasta, ile ya kidonda. Jumapili tukitoka kanisani anaweka kaseti moja, na kila mtu aseme huyu mwimbaji ni mkubwa au hapana, na kwa nini. Jina unaambiwa mwisho. Alisema ukilijua jina kwanza, masikio yanaanza kutoa heshima badala ya kusikiliza.

Tumpe alipopata kazi ya jikoni kwenye hoteli ya wageni kule Idodi, mkoa wa Iringa, tukaendelea kwa simu. Mimi naisogeza simu kwenye redio kaseti, narekodi, namtumia. Yeye ananitumia za kwake. Bila jina, kama alivyotuachia baba yake.

Na tulibishana! Alisema za kwangu siyo jazi, ni dansi. Nikamuuliza, kama siyo jazi, mbona bendi zenyewe ziliandika Jazi kwenye ngoma yao kubwa? Akasema jazi yenyewe ni ile anayosikiliza yeye, tarumbeta linalia taratibu na mama anaimba Kizungu kama amechoka. Akaniambia, "Mama, huyo babu yako wa kwenye kaseti anakohoa katikati ya ubeti." Nikamjibu anakohoa kwa mpango, sikiliza vizuri, gitaa linampisha. Yeye anasema mwimbaji mkubwa ni sauti. Mimi niliishia la nne, sijui maneno ya muziki, ila nasema mwimbaji mkubwa ni yule anayejua kunyamaza gitaa likiwa linasema.

Wiki tatu zilizopita alinitumia wimbo wa msichana anaimba Kiswahili na bendi, saksofoni nyuma yake. Chini akaandika, "Huyu je?"

Nilikuwa namenya viazi. Bibi yake alikuwepo, anaota moto. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikabonyeza kile kipaza sauti nikasema, naandika yote ili nisijifiche: "Huyu anakimbilia wapi? Anaimba kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mwambie aache muziki, arudi kwao akamsaidie mama yake kazi."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. Na mimi nilicheka.

Tumpe hakujibu. Nikasema ni mtandao wa Idodi. Wiki ya kwanza mtandao, wiki ya pili kazi, wageni wengi. Nikaanza kufikiria malaria, nikafikiria mwanaume, nikafikiria tembo wanaovuka barabara kule.

Juzi Jumapili akapiga Neema, mdogo wangu aliyeolewa Iringa mjini. Hata salamu hakumaliza. "Dada, una roho gani? Mtoto anaimba vile na hujaniambia! Nimemkuta kwenye harusi, yeye ndiye aliyeshika maiki. Watu wamesimama na sahani mkononi." Akanitumia kipande alichorekodi.

Wimbo ni uleule.

Nilikaa kwenye kigoda. Sauti niliyoibeba mgongoni sikuitambua. Bibi akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ila yule wa maziwa ni Tumpe. Hakucheka tena. Akasema, "Na wewe ndiye mama wa kusaidiwa kazi."

Tangu hapo nimeusikiliza sijui mara ngapi. Nilitafuta niseme nilikosea, wimbo wote ni mzuri. Lakini siwezi kukudanganya, Tumpe mama. Ubeti wa kwanza unakimbia. Unaogopa, nadhani, unataka uumalize kabla hawajakukataa. Hilo nitalisema hata uje na bendi nzima mlangoni.

Ila kuna jambo nililificha, na hilo ndilo linaloninyima raha. Ubeti wa pili, pale ulipoteremsha sauti ukamwacha wa saksofoni apite, kisu changu kilisimama. Kiazi mkononi, maganda yananing'inia, mimi natazama ukuta. Sikujua ni wewe. Nilijua tu kwamba huyu mtoto wa watu ananiambia mimi jambo. Na sikulisema, kwa sababu ilikuwa saksofoni, jazi ya upande wako, na nilitaka kukushinda.

Baba yako angenifukuza kwenye mchezo.

Nakukumbuka, Tumpe. Jumapili hizi tatu sijafungua lile sanduku. Naweka ugali, tunakula, Lusajo anatoka, bibi analala, na hakuna wa kuniambia nina masikio ya zamani.

Usiache kuimba kwa neno langu. Na usinitumie wimbo mwingine kwanza. Nataka nije huko Iringa nikuone umesimama, nikae nyuma kabisa, nisiseme kitu. Niambie ni Jumamosi ipi, nami nipande basi la asubuhi.

Ukisoma hapa usingoje upoe. Hata kama bado una hasira, tuma hiyo hasira. Nimeweka simu kwenye dirisha la jikoni ambako mtandao unashika, na nimemkataza Lusajo asiiguse. Nijibu upesi, mwanangu, leo.