Inkubeta Inayochoma Mayai

Jumanne, 15 Julai

Siku ya tano. Mayai sitini, nimegeuza yote kabla ya kukamua. Themostati inasoma 37.7, sawa kabisa. Lakini jioni nikirudi kutoka dukani kwangu Kaplong, mayai yana moto mkononi. Batchi mbili zimeharibika hivi hivi. Hii ya tatu ikifa, narudi kuchuma chai. Nilichuma miaka kumi na moja ndipo nikajinunulia hii mashine. Sitaki.

Jumatano, 16 Julai

Fundi Onsongo amekuja mara ya tatu. Amebadilisha sensa, kile kichwa cha chuma kinachopima joto ndani ili balbu ijue kuzima. Anasema mashine iko sawa. Nimemwambia mashine iliyo sawa haichomi mayai. Ameondoka bila kunywa chai. Vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeweka ndani themomita ya homa, ile ya kioo. Ikipanda haishuki mpaka uitikise. Jioni: 40.2. Themostati: 37.7. Moja inadanganya.

Jumapili, 20 Julai

Alhamisi 40.2. Ijumaa 40. Jumamosi 40.3. Leo tulienda kanisani wote, mlango na kufuli: 37.8.

Mashine haijui Jumapili. Kuna mtu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefunga duka saa nne nikarudi nyumbani. Ndani ya inkubeta, kati ya mayai, kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, cha Kogo, mama mkwe wangu. Kimelalia sensa. Maziwa ya asubuhi, baridi. Sensa inasikia baridi, balbu inawaka tu, mayai yanaiva.

Nilipiga kelele. Kogo hakushtuka.

"Ni maziwa ya Chebet wako. Anafunga shule, anarudi nyumbani. Mtoto akute nini hapa, maji? Na hii baridi, maziwa imekataa kuganda. Kila siku naongeza kidogo, natoa kabla hujafika. Wewe ni mtu wa makelele."

"Fundi amekuja mara tatu, Kogo, na wewe umekaa hapo!"

"Fundi umeuliza mara tatu. Mimi umeniuliza lini, Mama Chebet?"

Yeye ndiye anashinda na hiyo mashine mchana kutwa, na sijawahi kumwonyesha hata siku moja inavyofanya kazi. Nimemwonyesha leo. Amesikiliza kuliko fundi. Aibu.

Jumanne, 22 Julai

Nimemulika mayai na tochi. Ishirini na nne yana mishipa, yako hai. Mengine giza tupu. Kogo alishika tochi.

Alhamisi, 31 Julai

Vifaranga kumi na tisa. Mmoja bado anatoboa ganda. Kumi na tisa si sitini, lakini wanatosha kuanza. Sitaenda kuchuma.

Nimempigia Onsongo kuomba msamaha. Akauliza wametoka wangapi.

Kogo amekaa kwa stuli kando ya sanduku la vifaranga tangu saa tisa usiku. Ameniambia nitembee polepole, vifaranga wamelala.