Mkono Uliompokea Njiwa

Brussels, 4 Mei

Dada Godelieve,
Hujambo? Magoti je? Mimi mzima, ila kazi imeninyang'anya usingizi. Riwaya yangu ya nne inakuwa filamu, na naiongoza mwenyewe. Niazime banda la njiwa la marehemu baba kwa siku moja. Ni lile tukio la mwisho: baba yu taabani, njiwa wake anarudi kutoka mashindanoni, mwana wa kiume anampokea na kumpelekea baba kitandani. Mwigizaji wangu ana mikono mizuri sana.

Mdogo wako,
Wannes

Herzele, 9 Mei

Mdogo wangu,
Magoti yanauma, asante kwa kuyakumbuka. Kitabuni uliyasahau, pamoja na mwenye nayo. Nimekisoma mara mbili nikimtafuta dada, hayupo. Siku ile baba alipofariki ulikuwa Paris ukipigiwa makofi. Aliyempokea njiwa ni mimi. Aliyemfumba baba macho ni mimi. Niweke kwenye filamu, banda ulichukue.

Dada yako

Brussels, 14 Mei

Dada,
Salamu nyingi. Watoto wawili watawachanganya watazamaji. Usione wivu, dada yangu. Hii ni sanaa, si picha ya ukoo.

Mdogo wako

Herzele, 20 Mei

Wannes,
Hatujambo, mimi na njiwa. Wivu ninao, wala sikatai. Lakini banda nakuazima, njoo Jumapili. Nataka nikuone ukiitengeneza siku usiyoiona. Nitamwandaa Meya, dume langu la kijivu, kama alivyofanya baba: kabla ya kumtia kapuni namwonyesha jike wake kasimama na dume jingine. Atatoka Quiévrain, kule mpakani wanakoachiliwa njiwa wa mashindano, kama mume aliyepigiwa simu na majirani.

Dada yako

Brussels, 2 Juni

Dada,
Mafua uliyokuwa nayo Jumapili ile yamepona? Nimechelewa kuandika kwa aibu. Meya alifika kwa dakika arobaini na nane, kisha akakaa juu ya paa saa nzima akimkodolea macho mwigizaji wangu. Nimezaliwa uani pale, nikasahau kwamba njiwa wa mashindano hashuki akiona mgeni! Ukatoka na koti la baba, ukatikisa kopo la mahindi: "Tokeni wote. Na wewe, Wannes."
Meya akashuka mkononi mwako. Kamera ilikuwa bado inafanya kazi.
Nimeutazama mkono wako mara ishirini. Mhariri kauliza ni wa nani, nikataka kusema ni wa mwigizaji. Sikuweza. Safari hii mwenye wivu ni mimi. Niruhusu niutumie, mwana nimemtoa, nimeandika binti.

Mdogo wako

Herzele, 6 Juni

Mdogo wangu,
Nimepona. Utumie. Andika jina langu lote, na liwe juu ya lako. Meya nimemrudishia jike wake, sijamtesa tena, yatosha. Jumapili kuna kahawa na mkate wa zabibu. Njoo, na ile ya pili pia, na ya tatu, mpaka Meya akuzoee.

Dada yako